Nani Alikula Kuku wa Mwavita?

Siku mliyoniaga ofisini, yule kijana wa meza ya vizazi alisimama akasema, "Leo Mama Rejista anatuhama." Mkapiga makofi, nami nikapokea kitenge changu na sahani ya wali kwa samaki, nikanyamaza kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado anakula. Lakini nilikereka. Sijahama. Nimestaafu, naishi nyuma ya soko, na kila asubuhi mnaniona nikichagua sombe, majani ya muhogo, kwa ukali uleule niliokuwa nao kazini. Mtu aliyetumia umri wake wote kuandika nani ameingia na nani ametoka ana haki ya kukereka neno hilo likitumiwa ovyo. Nimekaa basi niwaandikie. Vyeo na mishahara sitavizungumzia. Vilikuwa vidogo, na hakuna cha kujifunza humo. Ofisi nayo sitaitaja jina. Mnaoijua mnaijua.

Nilizaliwa Kasongo, katika familia ya wakulima wa mpunga, Wakristo tangu kwa babu. Nilifika upande wa Kabambare nikiwa nimekaa nyuma ya baiskeli ya shemeji, safari ya siku tatu, sanduku langu la bati likinipiga mgongo kila tulipovuka shimo. Hakuna hata mtu mmoja aliyesema nimehama. Walisema nimeolewa. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu, alipita njia hiyohiyo mwaka uliotangulia, na kwake walisema amepewa mutasyo, yaani amepangiwa shule nyingine. Mdogo wake alipita kinyume, kutoka Kabambare kwenda Kasongo, wakasema amekwenda masomoni. Barabara moja, matope yaleyale, na sisi watatu hatukuwahi kuitwa kwa neno moja. Mama mkwe alikuwa na neno lake la Kibangubangu kwa wanawake walioletwa kutoka mbali kama mimi, neno ambalo mpaka leo sijalitamka vizuri, na nadhani ni heri hivyo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Papa Kitenge, karani mkuu, alivitazama kwa muda, akaniambia kwamba sakafu ni ya udongo na visigino vitaacha mashimo ya kulelea mchwa. Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na hakupenda kuongea kabla ya saa nne. Alinisukumia rejista ya walioingia na waliotoka. Ilikuwa na safu ya jina, ya kijiji, ya tarehe, na ya mwisho, nyembamba kuliko zote, iliyoitwa Sababu. Juu ya ukurasa, kwa Kifaransa, palikuwa na neno moja tu kubwa: Migration.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa baba mmoja aliyekuja kusema kwamba anakwenda Salamabila, kwenye dhahabu. Nikashika kalamu, nikamwuliza kwa adabu yote niliyofundishwa shuleni, "Papa, unahama?"

Yule baba alirudi nyuma hatua nzima.

"Nihame? Miye? Nimefanya nini, mama, mpaka nihame?"

Papa Kitenge, ingawa saa nne ilikuwa haijafika, alifungua mdomo. "Musamehe, iko mupya. Ni mutoto wa Kasongo." Kisha akanigeukia. "Huyu hahami. Huyu anaenda kutafuta. Andika vile."

Nikaandika: anakwenda kutafuta. Yule baba akasogea tena mezani, lakini alinitazama kwa jicho la pembeni mpaka alipoondoka.

Mchana ule Papa Kitenge alinieleza jambo ambalo kwetu Kasongo sikuwahi kuliona. Sisemi ni desturi ya Kabambare nzima. Ni ya vijiji vya upande wetu, kuelekea Lusangi, na hata huko nasikia vijana wanaanza kuipuuza. Mtu anayehama huchagua siku. Humwita kapita, mkubwa wa kijiji, pamoja na majirani aliopakana nao, akawatembeza kuzunguka shamba lake lote. Huwaonyesha mpaka unakatia wapi, mti gani ni wake, kisima gani walichimba pamoja. Hupita kwenye makaburi ya watu wake na kuwaaga kwa majina. Akimaliza kuzunguka, kuku huchinjwa na kuliwa palepale shambani, na kapita hula paja. Baada ya kuku huyo, shamba si lake tena. Asiyefanya hivyo, hata akae mbali mpaka nywele ziwe nyeupe, shamba linamngoja.

"Sasa weye unamuuliza mutu asubuhi-asubuhi kama amekwisha kuaga wafu wake," Papa Kitenge akasema. "Lazima aruke."

Kanuni yake ilikuwa moja: safu ya Sababu ni ya mwenye safari, si ya karani. Andika neno lililotoka mdomoni mwake. Kwa hiyo safu ile nyembamba ilijaa maneno ya kila namna. Mmoja amepanda karyeri, yaani machimboni. Mwingine ameingia porini. Huyu ameolewa, yule amefukuzwa na kaka zake. Huyu anatembea tu, atarudi mpunga ukiiva. Mama mmoja alisema mwanawe "alipotea Salamabila," nikadhani amekufa, kumbe ana nyumba ya mabati huko na wake wawili, ila hatumi salamu. Nilijifunza kwamba kupotea ni neno la aliyebaki, si la aliyekwenda. Walioingia nao walikuwa na yao. Mtu mpya aliitwa mkuyakuya, na angeweza kuitwa hivyo miaka kumi, mpaka siku atakapofiwa na kuzika hapa. Baada ya msiba hakuna aliyemwita hivyo tena.

Mkitaka kujua vyombo vyetu, vilikuwa bik ya bluu kwa kuandika na nyekundu kwa kusahihisha, karatasi ya kaboni iliyotumika mpaka ikawa wazi kama ngozi ya kitunguu, na kashe, ule muhuri, ambao Papa Kitenge aliufunga kwenye leso na kwenda nao nyumbani. Chini ya miguu ya kabati tuliweka makopo yenye mafuta machafu ya pikipiki ili mchwa wasipande. Msimu wa mvua, mkitembelea vijiji, rejista hukaa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na mifuko hukaa tumboni, ndani ya nguo, si nyuma ya pikipiki. Pikipiki ikianguka mtoni wewe utaogelea. Rejista haiogelei.

Halafu ukaja mwaka wa kukimbia. Sitasimulia vita, wako wanaojua kusimulia, na kila mtu hapa ana yake. Nitasema kuhusu meza yetu tu. Watu walipita mbele ya ofisi siku mbili mfululizo, na Papa Kitenge, badala ya kufunga, alitoa meza nje akaiweka kando ya njia. Nilimwambia amerukwa na akili. Alisema kama hakuna atakayeandika walikuwa wapi leo, kesho watu watasema hawakuwahi kukaa. Tukakaa tukiandika, yeye upande mmoja, mimi mwingine, mpaka milio ilipokaribia. Ndipo akaitia rejista ndani ya gunia la mchele, nasi tukafuata wenzetu.

Mmoja wa waliopita alikuwa Mwavita, mjane kijana wa kijiji cha jirani. Nilimfahamu kidogo, mumewe alikuwa amekufa kwa maradhi majuma machache tu nyuma, akazikwa kwenye kona ya shamba lao, chini kidogo ya michikichi mitatu. Alikuwa na binti yake Riziki mgongoni na mwiko mkononi. Mwiko tu. Nadhani hakujua kwamba anao. Papa Kitenge alimwuliza, akaandika alichosema, nami nikaisoma sentensi ile kwa sababu nilikuwa nimemshikia ukurasa: *Alikimbia na mtoto, chungu kikiwa motoni.* Yalikuwa maneno mengi kuliko nafasi, ikabidi ayapandishe pembeni mwa ukurasa.

Tuliporudi, Papa Kitenge hakuishi sana. Alikohoa msimu mmoja, akaniachia miwani, makopo ya mafuta na kashe ndani ya leso. Rejista ya gunia nayo ilikuwa imelowa porini, kurasa zimeshikana, nyingine zina ukungu wa kijani. Likaja agizo kutoka juu: nakili zote kwenye rejista mpya, kwa mwandiko safi, kwa mtindo mmoja.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka. Nilinakili kwa miezi. Kurasa za mwanzo nilikuwa mwaminifu. Kila mtu na neno lake. Kisha akaja mkaguzi, akapekua, akakunja uso mbele ya safu ya Sababu. Akaniuliza hizi hadithi ni za nini. Fomu ina neno moja juu, kwa nini chini kuna maneno mia? Nikageuza ukurasa kumwonyesha mwingine, ambao kwa bahati ulikuwa na watu wengi waliohama kweli, ukoo mzima, neno lilelile kutoka juu mpaka chini. Uso ukamkunjuka. "Hii ndiyo kazi," akasema, akaweka sahihi yake pale.

Sifa ni tamu jamani. Kuanzia siku ile niliandika *alihama* kwenye mstari wa kwanza wa kila ukurasa, na chini yake nikashusha vile vistari viwili vidogo vya "kama hapo juu," viwili viwili, mpaka mwisho. Mkono ulipumzika. Ukurasa ulipendeza. Waliokwenda kutafuta, waliofukuzwa, waliokimbia, wote wakawa vistari. Rejista ya zamani niliitoa nje ikaishia sokoni kufungia karanga, na sikuona aibu yoyote. Nilijiona karani wa kisasa.

Miaka ikapita, na watu wakawa wanaendelea kuja, maana upande wetu haujakosa watu wanaokuja. Siku moja kapita wa kijiji cha Mwavita, Kapita Saidi, aliingia ofisini. Alikuwa mtu mwangalifu, sina la kumlaumu. Alisema amepokea familia iliyotoka kaskazini, baba mmoja aitwaye Ramazani na mkewe na watoto, hawana pa kulima, na kuna shamba la Mwavita limelala. Hakutaka kugawa kitu cha mtu, na tangu vita makapita waliambiwa wafuate kitabu tu.

"Ule mama alihama, ao alikimbia tu?" akaniuliza.

Nilikuwa nakunywa chai. Nilifungua rejista kwa mkono mmoja, nikashusha kidole mpaka kwenye jina, nikaona vistari viwili.

"Alihama," nikasema.

Sikuweka hata kikombe chini.

Mwavita alirudi miaka michache baadaye, msimu wa kupalilia. Alikuwa ameishi Salamabila muda wote ule, akiwapikia wachimbaji wali na maharagwe, na Riziki aliyekuwa mgongoni sasa ana watoto wake. Alikuta muhogo wa mtu mwingine kwenye shamba la mumewe. Akaelezwa kwamba alihama. Hakubishana na mtu kijijini. Alikuja moja kwa moja kwangu, akasimama mezani bila kukaa.

"Mama Rejista, nasikia jina langu iko humu. Nisomee."

Nikamsomea jina. Nikamsomea kijiji. Nikafika kwenye safu ya mwisho, nikasema, "Alihama."

"Ni nani alisema vile?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Miye siko mutu wa kuhama," akasema. Hakupaza sauti. "Mume wangu alikuwa hajamaliza hata mwezi kwenye udongo. Mutu anahama namna gani, anaacha mume wake bila kumuaga? Weye ulikuwa pale. Ulikuwa umekaa pale njiani na ule muzee, mie nikapita. Hukuniona?"

Nilimwona. Niliuona hata mwiko. Sentensi yote ya Papa Kitenge ilinirudia kama ilivyokuwa, imepanda pembeni mwa ukurasa kwa kukosa nafasi. Nami, kwa uzoefu wangu wote, nilimwambia aende kwa kapita, mambo ya mashamba hayaamuliwi ofisini. Akaondoka.

Mnajua mimi si mtu wa kulia. Nilifunga ofisi kabla ya saa, nikakaa nyuma ya kabati pale penye makopo ya mafuta, nikalia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilifikiria njia za kujitetea. Mkaguzi aliagiza. Papa Kitenge hayupo. Karatasi ililiwa na ukungu. Zote zilikuwa njia nzuri, na yeyote kati yenu angezikubali. Kilichonishinda ni kwamba yule mama hakuniuliza nimeandika nini. Aliniuliza kama nilimwona.

Siku ya shauri nilichukua pikipiki, rejista tumboni, nikafika kijijini watu wamekwisha kukaa kwenye baraza ya kapita. Mwavita alikaa upande mmoja, mikono imefumbwa mapajani. Ramazani alikaa upande wa pili na mkewe. Nilitegemea kumchukia, ingenirahisishia. Alikuwa mtu mpole mwenye magaga miguuni, na alizungumza akiangalia chini.

"Miye sina maneno mingi," akasema. "Hili shamba sikuiba. Niliuliza, wakanipa. Mama anasema alikimbia. Namuamini, juu miye pia nilikimbia. Lakini hawa watoto nitawapeleka wapi tena? Tumekwisha kukimbia mara tatu. Ya ine sitaweza."

Mkewe alijifunika uso kwa kitenge. Nilihisi baraza nzima ikiegemea kwake, kwani huruma hufuata watoto. Kapita Saidi akasema kwamba yeye alifuata sheria, aliuliza rejista, na rejista ilisema alihama, na kashe iko juu yake.

Nikasimama. Nikasema kwamba kashe ni yangu, na mwandiko ni wangu, na uongo ni wangu. Nikawaeleza jinsi nilivyonakili, jinsi nilivyosifiwa, jinsi nilivyoshusha vistari. Nikawaambia sentensi ya Papa Kitenge neno kwa neno. Mwavita aliinua kichwa aliposikia chungu.

Kapita alikuna kidevu. "Mama Rejista, nakuheshimu. Lakini leo unasema hivi, jana ulisema vile, na chai ulikuwa unakunywa. Miye nitashika gani? Ya leo ao ya jana?"

Alikuwa na haki. Kinywa changu kilikuwa kimepoteza thamani, na karatasi ya zamani ilikuwa imekwisha kufungia karanga. Nilisimama pale na rejista yangu kubwa, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuwa na la kuonyesha. Ndipo nikakumbuka kwamba kabla ya ofisi yetu kujengwa watu hawa walikuwa na namna yao ya kujua.

"Basi musiulize kitabu," nikasema. "Mniambie tu. Nani alikula kuku wa Mwavita?"

Nikamgeukia kapita.

"Mutu anayehama anachinja. Kapita, ulikula paja?"

Kapita Saidi alifikiri kweli, kama mtu anayepekua mfukoni. "Hapana," akasema. "Paja ya Mwavita sikukula."

"Jirani wa mpakani?"

"Siye? Kuku gani?" mzee mmoja akajibu. "Mwaka ule kuku zote walikula wenye bunduki. Siye tulikula majani."

Watu wakacheka, wa kwanza Ramazani mwenyewe, halafu akakumbuka yuko upande gani, akanyamaza. Lakini jambo lilikuwa limekwisha. Kila mtu pale alikuwa amekula kuku wa kuhama wa fulani na fulani, na walianza kuwataja, nani alichinja jogoo mgumu, nani alichinja wawili kwa majivuno. Wa Mwavita hakuna aliyemwonja. Kapita akasimama akasema shamba ni la Mwavita, na Ramazani angoje avune alichopanda, kisha aondoke.

Mke wa Ramazani alianza kukusanya watoto hapohapo. Nilitoka pale sijui kama nimetengeneza kosa langu au nimelihamishia kwa mtu mwingine. Nilimwambia Mwavita pole. Alisema, "Keshokutwa urudi. Uje na kitabu."

Nikarudi. Nilidhani anataka nisahihishe jina lake mbele ya mashahidi, na kweli hilo lilikuwa la kwanza. Nikatoa bik nyekundu, nikakata vistari vile viwili, nikaandika pembeni *alikimbia na mtoto, chungu kikiwa motoni*, nikatia sahihi. Nikamsomea mara mbili. Akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akasimama, akamwita kapita, akawaita majirani, akamwita na Ramazani na mkewe, akatuambia tumfuate.

Tulianzia upande wa kijito. Alitembea mbele, polepole, akigusa miti. Mpaka wetu unakatia hapa. Hapa tulikuwa tunagombana na baba yako, alimwambia yule mzee jirani, na alikuwa na haki yeye. Hii mti tulipanda mwaka Riziki alizaliwa. Ramazani alikuwa nyuma yangu, na nilimsikia akipumua kama mtu anayebeba mzigo. Bado hakuelewa, au aliogopa kuelewa. Tukafika kwenye kona, chini ya michikichi mitatu. Kaburi lilikuwa limepaliliwa. Halikuwa limepaliliwa jana, bali kwa miaka; ukingo wake ulikuwa safi. Mwavita alimtazama mke wa Ramazani, na yule mwanamke akasema kwa sauti ndogo, "Hatukujua ni nani. Tulisema tu, iko mutu hapa."

Mwavita akapiga magoti.

"Baba Riziki," akasema. "Siku ile sikukuaga. Watu walikuwa wanakimbia. Nikaenda na mwiko, nyungu nikaacha. Nimekaa Salamabila, kuko wajukuu yako kule, wawili, mumoja ana kichwa yako. Miye nitarudi kwao. Hawa wanakutunza vizuri, naona. Nimekuja kukuaga."

Aliposimama alimgeukia Ramazani, akamwambia shamba ni lake tangu leo, isipokuwa ile michikichi mitatu. Ngazi zake, yale matunda, zikiiva, mkewe akamue mawese na kumtumia kidumu kimoja kila msimu. Ramazani akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Kuku alikuwa mweupe, mdogo. Alipikwa palepale, na kapita akala paja, na mimi nikapewa bawa. Wakati watu wananawa, Mwavita alikuja akakaa karibu yangu akaniambia nifungue kitabu.

"Sasa andika."

"Niandike alihama?"

"Andika yote," akasema. "Andika: leo Mwavita amehama. Amehama muchana, watu wote wanamuona, amemuaga mume wake."

Safu ya Sababu ina upana wa vidole viwili. Niliandika yote.